Mstari wa Pili

Baba yangu aliondoka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki cha kijani. Hakufa siku hiyo. Alikufa karibu miezi tisa baadaye, na hilo nitalieleza mahali pake. Lakini siku niliyompoteza ni ile Jumanne ya mwezi wa kumi, na mimi ndiye niliyemshika mabega ili asitikisike.

Daktari Shangali alimfuta shingoni kwa pamba yenye spiriti, chini kidogo ya nywele, akabandika kigae. Kina ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kwenye karatasi kina jina refu, lakini Iringa nzima tunakiita kigae. Ndani yake kuna dawa, na kila kinapotoa dawa kinalia "tik", sauti ndogo kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti.

"Mzee Kikoti, hesabu pamoja nami mpaka kumi," daktari alisema.

Baba hakuhesabu. Alinigeukia. Tangu asubuhi alikuwa hajanyamaza, na midomo ilikuwa imemkauka.

"Vika, waambie wazime greda. Simsikii vizuri greda ikinguruma. Waambie wazi..."

Tik.

Neno lilibaki nusu. Uso wake ulilainika kama kitambaa kilichopitiwa pasi. Mikono ikashuka, ikatulia juu ya magoti.

"Unajisikiaje, mzee?"

"Vizuri."

"Kuna mtu anagonga?"

"Hapana."

Nililia kwa furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

*

Baba, Menradi Kikoti, alikuwa dereva wa greda enzi ambazo greda bado zilihitaji dereva. Alichonga barabara nyingi za milimani upande wa Kilolo. Katika mojawapo, mpima aliyeitwa Fabiano Luhanga aliingia ndani ya kalavati, bomba la chuma la kupitisha maji chini ya barabara, kuangalia ufa. Ukingo wa juu ukaporomoka, udongo ukaziba pande zote mbili. Fabiano alikuwa na nyundo. Akaanza kugonga.

Baba alikuwa juu ya greda, hatua kumi kutoka pale. Mhandisi akamwambia azime injini, akae, asiguse kitu chochote, maana mashine ikisogea udongo ungeshuka zaidi. Baba akakaa. Wenzake walichimba kwa mikono na sepetu. Alikaa pale saa sita akisikiliza, mpaka kugonga kukaisha.

Alitusimulia mara moja tu, nikiwa kidato cha pili, halafu hakurudia kwa miaka thelathini. Alipofikisha miaka sabini na sita kugonga kulirudi. Alianza kuchimba uani kwetu. Kisha akachimba kando ya barabara. Mwisho akachimba chini ya ukuta wa jirani yetu, Mama Chengula, na ukuta ule ukaanguka hatua tatu kutoka pale alipokuwa ameketi akichagua maharage.

Mtendaji wa mtaa alikuja na barua. Sheria ilikuwa wazi: mzee anayehatarisha wengine awekwe kwenye makao ya wazee na abandikwe kigae, la sivyo ndugu zake wajibu mahakamani. Nilikuwa nimekonda. Nilikuwa nashona sare za shule huku nikimchungulia dirishani kila baada ya mishono mitano. Kaka yangu Wendelini, anayeishi Dodoma, alisema kwa simu, "Kubali, Vika. Atapumzika na wewe utapumzika."

Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya sahihi ya mgonjwa. Daktari aliipiga mstari bila kuinua macho, akanisogezea peni.

*

Makao hayo yako kilimani, nje kidogo ya mji. Wazee walikuwa thelathini na tisa, wote kwenye viti vya kijani, wote wametulia. Ukiingia unasikia friji ya jikoni inavyonguruma. Ukutani, juu ya kila kiti, kuna kioo kidogo chenye mstari wa kijani. Mstari ukinyooka, mzee ametulia. Wa baba ulinyooka tangu siku ya kwanza. Niliupiga picha, nikamtumia Wendelini. Akanijibu kwa alama ya mikono inayopiga makofi.

Nilikwenda kila Jumamosi. Baba alikula alichopewa. Alisema "vizuri" na "asante" na hakuna kingine. Wahudumu walimwita Kumi na Nne, kwa namba ya kitanda chake. Walimvalisha gauni lililo wazi mgongoni kwa sababu ni rahisi kulivua. Walimwogesha mlango ukiwa wazi, huku wakibishana kuhusu mpira, na watu wakipita koridoni na ndoo. Niliona. Mara ya kwanza nilitaka kusema kitu, nikamtazama usoni, nikaona ametulia, nikanyamaza. Mara ya pili sikutaka tena kusema kitu.

Ndivyo unavyozoea. Unaanza kwa kuongea naye, kisha unaongea mbele yake, mwisho unaongea kama hayupo.

Tarehe kumi na tisa Machi, Jumamosi, Wendelini alinipigia nikiwa makaoni. Nilisimama dirishani, kiti cha baba kikiwa karibu kiasi kwamba sketi yangu iligusa goti lake. Wendelini akauliza, "Baba anaendeleaje?"

"Baba gani, Wende? Hapa zimeketi nguo zake tu. Bora angekwenda, tumlilie mara moja, tumalize."

"Usiseme hivyo."

"Wewe hujamwona. Njoo umwone."

Nilipokata simu nilimrekebisha baba gauni, nikamwambia kwaheri, nikaenda kuwahi wateja.

*

Mtu mmoja tu hakuzoea. Huyo ni Mzee Alkuini Mbano, Mngoni, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kambi zilezile za barabara. Sisi ni Wahehe. Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zetu walipoacha kupigana, na baba na Mzee Mbano waliubeba utani huo miaka arobaini kama kazi ya pili. Alikuja makaoni kila Jumatano kwa miguu, na fimbo yake.

Jumatano moja nilipeleka sabuni nikamkuta. Alikuwa amevuta kiti mbele ya baba, magoti yao yamegusana.

"Mla mbwa wewe! Bado unapumua? Nimevaa viatu vya mazishi tangu nyumbani, unanichosha bure."

Akanyamaza. Akainamisha sikio upande wa baba, akangoja. Alingoja muda mrefu, kama mtu anayempa mwenzake zamu. Wahudumu wawili walikuwa wanacheka mlangoni. Kisha akajipiga paja.

"Haya, hiyo kali kidogo. Lakini nakusamehe. Babu zako walitimua mbio mpaka wakasahau mikuki, wewe utakuwa na akili ya kutoka wapi?"

"Baba Mbano," nilimwambia taratibu, "hajasema kitu."

"Wewe ulikuwa unasikiliza wapi? Ameniita mla panya, mchana kweupe. Huyu hana adabu tangu kambini." Akamgeukia baba. "Na binti yako naye hasikii. Ulimlisha nini huyu? Ubongo wa mbwa?"

Wiki iliyofuata daktari aliniita ofisini. Alinionyesha karatasi ya matumizi ya dawa. Siku nyingine kigae cha baba kililia mara moja au mbili. Jumatano kililia mara sita, mara saba.

"Mgeni huyu anamtaabisha," alisema. "Anamtukana, dada Ludovika. Wahudumu wamesikia. Ni sawa mzee mgonjwa kutukanwa kila wiki?"

Nilipaswa kumweleza. Daktari Shangali ni mtu wa Kilimanjaro, huko nao wana watani wao, angenielewa. Lakini niliona aibu. Maneno yale, mbwa na panya, yalionekana ya kishamba mbele ya meza yake safi. Nikasema, "Hapana, si sawa." Nikaweka sahihi.

Nilimsubiri Mzee Mbano getini Jumatano iliyofuata.

"Baba Mbano, wanasema unamchosha."

"Mimi namchosha?"

"Ndivyo karatasi inavyoonyesha. Wamesema usiingie tena."

"Na sahihi ameweka nani?"

Alinitazama, nikangoja anitukane. Kama angenitukana ningejua bado mimi ni mtani wake. Aligeuza fimbo, akashuka kilima.

*

Wiki tatu zilipita. Jumamosi ya kwanza ya Juni nilikuwa makaoni, na familia nyingine kama kumi zilikuwa zimekuja, maana ilikuwa siku ya wageni wote. Nilikuwa namkata baba kucha.

Nilisikia kilio mlangoni. Kilikuwa kilio cha msiba, kile kirefu kinachoanzia tumboni. Watu wote waligeuka.

Mzee Mbano aliingia amevaa koti la kazi la baba, lile la rangi ya chungwa lenye mikanda inayong'aa. Nilikuwa nimelianika uani asubuhi ile. Alikuwa na kofia ya baba kichwani. Alitembea akiburuta mguu wa kushoto, mkono mmoja nyuma, kidevu mbele, na kwa sekunde moja nilimwona baba yangu akitembea.

Kila mtu kwetu anajua maana yake. Mtu akifa, watani wake huvaa nguo zake, huiga mwendo wake, huzuia jeneza, hata huweza kulala kaburini wakicheka, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Lakini hufanyiwa maiti. Sijawahi kusikia mtu aliyefanyiwa akiwa hai.

"Uwii! Kikoti amekufa!" alilia. "Wahehe hamna haya? Mnakaa na maiti sebuleni wiki baada ya wiki! Mimi mtani wake nimekuja kuchimba. Nionyesheni kaburi!"

Mtu mmoja alicheka kisha akajiziba mdomo. Mama mmoja alisimama akaanza kutoka.

"Baba Mbano, acha!" nilipiga kelele. "Baba yu hai!"

"Yu hai? Nani amekwambia? Umeongea naye lini?" Alikuwa amesimama juu yangu, macho mekundu. "Mnamwogesha mlango wazi, kila mwenye ndoo anamwona utupu. Maiti huoshwa mlango umefungwa, Ludovika! Hata maiti! Huyu mmemnyima hata cheo cha maiti!"

Walinzi wawili walimkamata mikono. Hakushindana nao. Na katika kimya kilichofuata tukasikia.

Tik. Tik. Tik-tik-tik-tik.

Kilikuwa kigae cha baba. Kililia mfululizo, kama mvua inavyoanza juu ya bati. Nilimtazama usoni. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Mstari wa kijani ukutani ulikuwa umenyooka. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, kucha tatu zimekatwa na saba bado, na alikuwa anatabasamu.

*

Nesi wa zamu aliitwa Ndelwa, kijana wa Njombe, mpole. Alikuja mbio na kioo chake cha mkononi, akakiangalia, akaniangalia mimi.

"Dada, njoo."

Tuliingia stoo ya mashuka. Alifunga mlango.

"Kila kigae kina mistari miwili," alisema kwa sauti ya chini. "Wa kijani ni wa mwili. Misuli, sauti, mapigo. Ndio mnaoonyeshwa. Wa pili ni huu mweusi, unatoka kichwani. Tulipofundishwa tuliambiwa ni makelele ya mashine, tusiuangalie."

Mstari mweusi haukunyooka. Ulipanda na kushuka kama milima ya kwetu.

"Maana yake nini?"

"Mimi nimesoma miaka miwili tu, dada. Siwezi kukudanganya. Lakini nimeutazama sana. Akilala unashuka. Akiamka unapanda. Mlango wa bafu ukifunguliwa, ona, hapa, na hapa, unapanda hivi." Alisogeza kidole. "Hizi ni Jumatano. Unapanda, unatulia. Unapanda, unatulia. Kama mtu anayeongea kisha anangoja mwenzake."

"Na baada ya Jumatano kukatazwa?"

Alinionyesha. Mstari ulikuwa juu tu, umechongoka, siku baada ya siku.

Nilijua swali linalofuata. Sikutaka kuliuliza. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nipeleke tarehe kumi na tisa Machi. Saa tano asubuhi."

Ndelwa alitafuta. Mstari mweusi ulikuwa unakwenda katikati ya kioo, kisha ghafla ukapanda, ukagonga ukingo wa juu na kukatika. Haukushuka mchana ule. Haukushuka kesho yake. Ulianza kushuka Jumatatu, taratibu.

"Kulitokea nini siku hiyo?" Ndelwa aliuliza. "Kwenye daftari hatukuandika kitu."

Nilikaa chini juu ya mashuka.

*

Daktari Shangali si mtu mbaya. Alimfokea Ndelwa, kisha akautazama ule mstari muda mrefu, kalamu ikigonga meza.

"Naweza kukizima kwa muda wa saa sita," alisema hatimaye. "Kukivua kabisa ni jambo lingine. Moyo wake umeshikiliwa na dawa hii miezi minane. Ukiachiwa ghafla unaweza kusimama. Wiki hii, au mwezi ujao. Sijui. Na asiposimama atachimba tena. Ukuta ule ungemwangukia yule mama, leo ungeniambia nini?"

"Sijui."

"Basi niambie nifanye nini. Wewe ndiye ndugu."

Mzee Mbano alikuwa amekaa pembeni, bado na koti la baba. Walinzi walikuwa wamemwacha baada ya mimi kuwaomba.

"Mmemuuliza mwenyewe?" alisema.

"Mzee, mgonjwa hana uwezo wa kuamua."

"Zima hicho kidude, tumuulize kama ana uwezo."

*

Jumatatu saa tatu asubuhi kigae kilizimwa. Tulikuwa wanne chumbani: daktari, Ndelwa, Mzee Mbano na mimi. Kwa nusu saa hakuna kilichotokea. Kisha mikono ya baba ikaanza kutetemeka juu ya magoti. Tabasamu lilitoka upande mmoja, kisha upande wa pili. Alimeza mate mara nyingi. Sauti ilipotoka ilikuwa kama ya mtu aliyekaa jangwani.

"Funga mlango."

Ndelwa alifunga.

"Nipe suruali."

Hatukuwa na suruali. Nguo zake zote nilizipeleka nyumbani mwezi wa kwanza, kwa kuwa hazikuhitajika. Mzee Mbano alisimama, akavua suruali yake mwenyewe, akabaki na bukta na lile koti refu. Akapiga magoti, akamwingiza baba mguu mmoja mmoja. Tuligeukia ukutani mpaka walipomaliza.

Baba alikuwa anatoka jasho. Macho yake yalikwenda sakafuni, pembeni mwa kitanda.

"Anagonga."

"Sasa hivi, baba? Ameanza tena?"

"Ameanza?" Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Hajaacha. Hajaacha hata siku moja. Ninyi mlidhani ameacha?"

"Hiki kidude hakimzuii yeye kugonga," baba alisema, akijigusa shingoni. "Kinanizuia mimi kunyanyuka. Nikitaka kusema anagonga, mdomo unasema vizuri. Nikitaka kulia, mdomo unacheka." Alivuta pumzi. "Mhandisi aliniambia kaa, nikakaa. Nilikuwa na miguu yangu, nikakaa. Sasa ninyi mmenikalisha tena. Miezi mingapi?"

"Minane," daktari alisema. Alikuwa amevua miwani, ameishika kwa mikono miwili.

"Minane. Ile ilikuwa saa sita tu."

Mzee Mbano alikohoa. "Mimi ulikuwa unanisikia, mla mbwa?"

"Nilikuwa nakujibu, mla panya. Kila mara. Ile ya mwezi wa pili, kuhusu mama mkwe wako, ungeisikia ungehama mkoa."

Mzee Mbano alicheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, kisha nikaona si kicheko tena. Alijifuta kwa mkono wa koti la baba.

Halafu baba akanigeukia.

"Na wewe nilikusikia. Pale dirishani."

Nilipiga magoti. Nilimshika miguu. "Baba, nisamehe. Sikujua."

"Hukuuliza."

"Nisamehe, baba."

"Leo sina nguvu ya hilo, mwanangu. Saa zinakwenda. Daktari aulize anachotaka kuuliza."

Daktari alivuta kiti akakaa chini yake kidogo, kama watu wanavyokaa mbele ya mzee. Alimweleza yote bila kupunguza. Akibaki na kigae ataishi, labda miaka, na atakuwa kama alivyokuwa. Akivuliwa, Fabiano atagonga, na moyo unaweza kusimama siku yoyote. Baba alisikiliza huku jasho likimtiririka. Mara mbili aliinama kutaka kukwaruza sakafu kwa vidole, na mara zote mbili alijirudisha mwenyewe.

"Ule ukuta," alisema. "Kuna mtu aliumia?"

"Hapana, baba."

"Mama Chengula alikuwa pale."

"Yuko salama."

"Mpeni pole yangu. Hakuna aliyeniambia. Miezi yote nilidhani nimemuua."

Nilijaribu kukumbuka kama niliwahi kumwambia. Sikuwahi.

"Kivueni," baba alisema. "Lakini msinipe jembe karibu na nyumba ya mtu."

Daktari alileta fomu. Ndugu wa karibu alipaswa kuweka sahihi, na ndugu huyo ni mimi. Nilijua nilichokuwa nakitia sahihi. Nilimtazama baba, nikataka kumwambia abaki, abaki hata akiwa vile, nipate kumwona Jumamosi. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

"Vika," alisema. "Usinikalishe."

Niliandika jina langu. Sehemu ya sahihi ya mgonjwa, daktari hakuipiga mstari. Baba aliandika M. Kikoti, herufi kubwa kama za mtoto, nje ya mstari.

*

Aliishi nyumbani siku kumi na tisa.

Sitaki mtu afikiri zilikuwa siku nzuri. Kumi na moja zilikuwa mbaya sana. Alinipiga kwa mpini mara moja. Aliniita Fabiano akaniomba msamaha akilia, na mimi nilipomwambia amesamehewa alisema, "Wewe siye." Mzee Mbano alihamia kwetu. Kila asubuhi alimchukua mpaka kwenye shamba letu la nje ya mji, ambako hakuna ukuta wa mtu, na wakachimba wote wawili mpaka jua linapokuwa kali, wakitukanana. Mzee Mbano hakumwambia hata mara moja kwamba hakuna mtu chini. Alimwambia, "Chimba, mvivu wewe, mwenzio anasubiri."

Siku tano zilikuwa za kawaida. Siku tatu alikuwa baba yangu kabisa. Katika siku hizo tatu nilingoja aliseme lile la dirishani, na yeye aliongea juu ya mbolea, na bei ya mahindi, na jinsi greda za siku hizi zinavyochonga vibaya kwenye kona. Hakulisema. Sikuthubutu kumkumbusha.

Siku ya ishirini alichelewa kutoka chumbani. Alikuwa amefunga mlango ili avae, kama alivyotaka siku zote. Tulingoja. Tulipofungua tulimkuta ameketi kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Msibani watani walikuja wakafanya kazi yao. Mzee Mbano hakucheza nao. Alisema yeye alishamzika mara moja, hawezi kurudia. Wendelini alikuja kutoka Dodoma, akanivuta nyuma ya nyumba.

"Ile siku uliyoongea nami kwa simu," alinong'ona, "ulikuwa umeweka spika? Na mimi alinisikia?"

"Hapana."

Alishusha pumzi. Kisha aliona nilivyomtazama, akaondoka.

Baada ya arobaini, Daktari Shangali aliziita familia zote makaoni. Aliwaonyesha mstari wa pili, wa kila mzee, kioo baada ya kioo. Nilikuwepo kueleza yaliyonipata. Nilidhani watavunja mlango kuwatoa wazazi wao. Baba mmoja mwenye suti aliuliza, "Kwa hiyo anasikia?" Daktari akasema ndiyo. Niliwaona wakihesabu mioyoni, kila mtu maneno yake, mwezi kwa mwezi. Mama mmoja aliomba maji. Kisha baba yule wa suti akasema huenda ni makelele ya mashine tu, na watu wengi wakaitikia haraka kwamba ndiyo, huenda. Barua ya kumsimamisha kazi Ndelwa ilitoka wiki hiyohiyo.

Mpaka leo ninapoandika, familia nne zimekubali kuzima. Wazee thelathini na wanne bado wameketi kule kwenye viti vya kijani. Chakula chao cha mchana hutolewa saa saba, nao husema asante.